Mai Mahiu na Historia ya Michoro ya Watoto Ivukayo Mipaka

Ubadilishanaji wa kimataifa wa sanaa za watoto ni utaratibu ambao watoto wa nchi moja huchora maisha yao ya kila siku, yaani nyumba zao, chakula chao, michezo, kazi wanazotumwa na mambo wanayoyaogopa, kisha michoro hiyo hupelekwa kwa watoto wa rika lao katika nchi nyingine, ambao nao huitazama, huijadili na kurudisha ya kwao. Kipengele cha mwisho, yaani kurudisha, ndicho kigumu kuliko vyote, na ndicho kitakachotumiwa hapa kuipima historia nzima ya jambo hili. Kwa zaidi ya miaka 100 michoro ya watoto imevuka mipaka kwa wingi, lakini mara nyingi imesafiri upande mmoja tu: kama ombi la msaada, kama kazi ya mashindano, au kama ushahidi wa vita. Mai Mahiu, mji mdogo wa njia panda ulio katika eneo la Naivasha, Kaunti ya Nakuru, ni mahali pafaapo kuifuatilia historia hiyo, kwa sababu pametazamwa na wapita njia na wapiga picha kwa muda mrefu, huku wakazi wake, hasa watoto, wakipata nafasi chache za kujieleza wenyewe kwa hao wanaowatazama.

Njia panda chini ya ukuta wa Bonde

Mai Mahiu uko chini ya ukuta wa mashariki wa Bonde la Ufa, takriban kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa Nairobi, mahali ambapo barabara ya zamani iteremkayo kutoka nyanda za Limuru hugawanyika, tawi moja likielekea Naivasha na Nakuru, na jingine likielekea Narok na mbuga ya Maasai Mara. Kabla ya barabara hiyo, bonde la Kedong lilikuwa malisho ya Wamaasai na njia ya misafara ya biashara iliyotoka pwani, na miongoni mwa wageni walioandika habari zake alikuwamo Mskoti Joseph Thomson, aliyepita chini ya mlima Longonot mwaka 1883 na kutoa kitabu chake mwaka 1885, kikiwa na picha zilizowaonyesha wasomaji wa Uingereza nchi wasiyoijua. Reli ya Uganda ilipofika ukingoni mwa Bonde, mafundi walilazimika mwaka 1900 kuyateremsha mabehewa kwa kamba za chuma hadi njia ya kudumu ilipokamilika, na mwaka 1903 wamisionari wa Africa Inland Mission wakajenga kituo chao Kijabe, juu kidogo ya mahali mji ulipo leo.

Mkataba wa mwaka 1904 kati ya serikali ya kikoloni na viongozi wa Wamaasai uliwahamisha wafugaji wengi kutoka sehemu hii ya Bonde hadi Laikipia, ili kuwapisha walowezi, yaani wakulima wa Kizungu waliogawiwa ardhi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wafungwa wa kivita wa Kiitaliano waliotekwa katika mapigano ya Uhabeshi na Somalia waliletwa kuijenga barabara ya kuteremkia Bonde, na mwaka 1942 wakajenga kando yake kanisa dogo ambalo hadi leo wasafiri husimama kulitazama. Mwaka 1970 kituo cha Longonot cha mawasiliano ya setilaiti, yaani chombo kinachozunguka dunia angani na kupokea na kurusha mawimbi ya simu na televisheni, kilifunguliwa katika tambarare hiyo hiyo, na kwa njia yake Kenya ikaunganishwa moja kwa moja na mabara mengine. Mnamo Oktoba 2019 ikaja reli mpya ya SGR kutoka Nairobi, ikipitia Mai Mahiu na kuishia karibu na Suswa.

Kwa hiyo takriban kila chombo cha kuunganisha Kenya na ulimwengu, kuanzia msafara wa wapagazi hadi sahani kubwa za kupokelea mawimbi, kimepita au kusimikwa karibu na mji huu. Watoto wake hukua katikati ya shughuli zinazotokana na njia hizo: malori ya masafa marefu yanayolala kando ya barabara, vibanda vya nyama choma na mahindi, wauzaji wa kofia na mazulia ya ngozi ya kondoo kwenye vituo vya kutazamia Bonde, na punda wanaokokota mikokoteni iliyojaa mitungi ya maji, kwa kuwa eneo ni kame na maji ya bomba hayatoshi. Lugha zao ni Kikuyu, Kimaasai na Kiswahili, pamoja na nyingine zilizoletwa na wahamiaji. Mtalii anayekwenda Mara huyaona haya yote kwa dakika chache kupitia dirisha la gari, na picha anayoondoka nayo mara nyingi ni ya Longonot iliyopigwa kutoka juu, ambako watu hawaonekani.

Wazo lilivyozaliwa

Wazo kwamba mchoro wa mtoto una thamani ya kutunzwa, achilia mbali kusafirishwa, si la zamani sana. Katika karne ya 19 somo la uchoraji katika shule za Ulaya lilikuwa zoezi la kunakili maumbo, na mtoto alisifiwa kwa kadiri alivyokaribia kazi ya mtu mzima. Mageuzi yalianza Vienna, ambako Franz Cižek alifungua mwaka 1897 darasa la sanaa la watoto, akiwaacha wachore walichokiona na kukifikiria badala ya kufuata kielelezo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoiacha Vienna katika njaa, mwalimu wa Kiingereza Francesca Wilson, aliyekuwa akifanya kazi za misaada mjini humo, alipanga michoro ya wanafunzi wa Cižek ionyeshwe London mwaka 1920, na maonyesho hayo yakazunguka miji mingine ya Uingereza na baadaye Marekani, mapato yake yakiufaa mfuko wa Save the Children, ambao Eglantyne Jebb na dada yake Dorothy Buxton walikuwa wameuanzisha mwaka 1919.

Tukio hilo lilikuwa na sura mbili ambazo hazijaachana tangu siku hizo. Upande mmoja, watu waliokuwa maadui miaka miwili tu iliyotangulia walikubali kusimama mbele ya kazi za watoto wa Austria na kuona uhodari pale walipozoeshwa kuona chuki; upande wa pili, michoro ilikuwa chombo cha kuchangisha fedha, na aliyechora alibaki Vienna bila kujua sana ni nani aliyeitazama kazi yake wala alisema nini juu yake. Azimio la Geneva la mwaka 1924, lililotokana na juhudi za Jebb na kupitishwa na Shirikisho la Mataifa, liliorodhesha chakula, matibabu, hifadhi na malezi kuwa mambo anayodaiwa kila mtoto, lakini halikutaja haki yake ya kusema.

Mfano ulio karibu zaidi na ubadilishanaji wenyewe ulitokea katika chama cha vijana cha Msalaba Mwekundu cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1917. Katika miaka iliyofuata vita, shule zilizojiunga nacho zilitengeneza majalada ya barua, picha, ramani na michoro iliyoeleza mji na shule yao, zikayatuma kwa shule za nchi nyingine na kupokea majalada kutoka huko. Hapa ndipo jibu lilipoanza kuwa sehemu ya mpango, kwa sababu jalada lililotumwa lilitazamiwa kujibiwa kwa jalada. Hata hivyo mtandao huo ulizifikia zaidi nchi zilizokuwa na posta ya uhakika na vyama vyao vya Msalaba Mwekundu, na kwa sehemu kubwa ya Afrika iliyotawaliwa, mtoto wa Kiafrika alikuwa bado mtu anayepigwa picha na mmisionari kwa ajili ya kadi za kuombea michango.

Makerere na swali la macho ya nani

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa mlango wa Makerere. Margaret Trowell, msanii aliyesomea ualimu wa sanaa London chini ya Marion Richardson, ambaye mafundisho yake yalikuwa na udugu wa fikra na yale ya Cižek, alifika Kenya mwaka 1929 pamoja na mumewe daktari, akakaa Machakos na kujifunza kazi za mikono za Wakamba kabla ya kuhamia Uganda mwaka 1935. Huko Kampala alianza kufundisha nyumbani kwake, na darasa hilo likawa mbegu ya shule ya sanaa ya Makerere. Mwaka 1937 alichapisha kitabu kuhusu sanaa na ufundi wa Kiafrika shuleni, na mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zikaonyeshwa katika Imperial Institute, London.

Trowell aliamini kwamba mwanafunzi wa Kiafrika asilazimishwe kunakili picha za Ulaya, bali achore hadithi, masoko, mavuno na ibada za kwao. Msimamo huo ulikuwa wa ukombozi kwa wakati wake, lakini wakosoaji wa baadaye wameonyesha kwamba nao ulikuwa na mpaka wake, kwani mwalimu ndiye aliyeamua ni kipi cha Kiafrika kweli na kipi si cha Kiafrika, na mwanafunzi aliyetaka kuchora lori au reli angeweza kuhesabiwa kuwa amepotea njia. Baadhi ya waliopitia shule hiyo, kama Mkenya Gregory Maloba na Mtanganyika Elimo Njau, walikwenda mbali zaidi ya fikra za mwalimu wao: Maloba akawa mchongaji na mwalimu wa vizazi vilivyofuata, na Njau, aliyechora michoro mikubwa ya ukutani katika kanisa la Fort Hall, ambayo sasa ni Murang'a, alishiriki mwaka 1965 kuanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi. Swali walilolirithi, yaani ni nani anayeamua picha halisi ya Mwafrika iweje, ndilo linalomkabili hadi leo kila mwalimu wa Kenya anayewaandaa watoto kutuma michoro ng'ambo: wachore nyumba ya nyasi ambayo mpokeaji anaitarajia, au wachore nyumba ya mabati na mlingoti wa simu wanavyoviona kila asubuhi?

Amani, kadi na mashindano

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mkondo wa michoro ya watoto uliongezeka kasi. UNICEF, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto lililoundwa mwaka 1946, lilitoa mwaka 1949 kadi yake ya kwanza ya salamu, ambayo picha yake ilichorwa na msichana wa miaka 7 wa Czechoslovakia aitwaye Jitka, kama shukrani kwa msaada uliokifikia kijiji chao; kwa kukosa karatasi, alikuwa ameichora juu ya kipande cha kioo. Kadi hiyo ni kiungo muhimu katika historia hii, maana mchoro wa mtoto aliyepokea msaada ulirudi kwa watoaji ukiwa na furaha yake mwenyewe, watoto wakicheza kuuzunguka mlingoti, wala haukuwa mfano wa mateso uliochaguliwa na mtu mzima. Ilifuatiwa na kadi nyingine nyingi mno, na polepole ikawa njia ya kuchangisha fedha kwa mauzo.

Mwaka ule ule wa 1946 ulioundwa UNICEF, mwanamke mmoja wa Pennsylvania, Maude Muller, alianzisha mpango ulioitwa Art for World Friendship, uliokuwa na uhusiano na jumuiya ya kimataifa ya wanawake wanaotetea amani na uhuru. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleweka: mtoto wa Marekani aliyetuma picha alipata picha ya mtoto wa nchi nyingine, na aliyepokea huko naye alibaki na picha mkononi. Hakukuwa na zawadi wala mshindi. Miaka michache baadaye UNESCO, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, liliitisha mwaka 1951 semina ya walimu wa sanaa mjini Bristol, Uingereza, na kutoka katika mazungumzo hayo kikazaliwa chama cha kimataifa cha elimu kupitia sanaa, InSEA, kilichofanya mkutano wake mkuu wa kwanza Paris mwaka 1954 kikiongozwa na fikra za Herbert Read, mwanafalsafa aliyedai katika kitabu chake cha mwaka 1943 kwamba sanaa inapaswa kuwa msingi wa elimu yote.

Mkondo wa mashindano ulikwenda sambamba na huo. India ilianza mwaka 1949 mashindano ya watoto yaliyoasisiwa na mchora katuni Shankar, na mwaka uliofuata yakafunguliwa kwa watoto wa nchi zote. Kwa Kenya, mashindano yaliyo na makao karibu zaidi ni yale ya Mpango wa Mazingira wa Umoja wa Mataifa, UNEP, ambao una makao makuu Gigiri, Nairobi, na ambao tangu mwaka 1991, kwa kushirikiana na taasisi ya Kijapani ya amani na mazingira, ulikuwa ukialika watoto wa miaka 6 hadi 14 kuchora kuhusu mazingira. Mashindano yana faida yake: huwapa walimu sababu ya kugawa rangi darasani na huwapa watoto tarehe ya kukamilisha kazi. Lakini kwa mujibu wa kipimo kilichowekwa mwanzoni, shindano hukusanya zaidi kuliko linavyobadilishana, kwa sababu kazi nyingi zisizoshinda huingia kabatini, na aliyechora hapati neno lolote kutoka kwa rika lake wa upande wa pili.

Haki iliyoandikwa na darasa lisilo na rangi

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwezi Novemba 1989 na kuridhiwa na Kenya mwaka 1990, uliliziba pengo la Azimio la Geneva. Ibara yake ya 13 inampa mtoto uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari na mawazo ya kila aina bila kujali mipaka, kwa mdomo, kwa maandishi au kwa sanaa, na ibara ya 31 inatambua haki yake ya kushiriki katika maisha ya utamaduni na sanaa. Maneno kupokea na kutoa yamewekwa pamoja, na ndiyo yanayoupa ubadilishanaji msingi wa kisheria, kwa kuwa mtoto ambaye kazi yake inachukuliwa bila yeye kupokea chochote amepewa nusu tu ya haki hiyo.

Shuleni mambo yalikuwa na mwendo wake. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, uliweka somo la sanaa na ufundi katika shule za msingi, lakini masomo ya kutahiniwa yalipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, somo hilo liliondolewa katika mtihani wa darasa la nane, na katika shule nyingi kisichotahiniwa hakifundishwi kwa bidii. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza Januari 2003, iliwaingiza shuleni watoto zaidi ya milioni moja waliokuwa nje, jambo la heri ambalo hata hivyo liliyafanya madarasa yafurike na vifaa kama krayoni, brashi na karatasi za manila kuwa anasa. Mtaala wa umilisi, maarufu kama CBC, ambao unasisitiza anachoweza kutenda mwanafunzi kuliko anachokariri, ulianza kutumika nchini kote Januari 2019 katika madarasa ya chini, na kwa mtaala huo sanaa ilirudi kwenye ratiba, ingawa mzigo wa kununua vifaa umewaangukia wazazi kwa sehemu kubwa, nao hulalamika.

Kati ya mageuzi hayo, Nairobi ilitoa mfano ulioonyesha kinachowezekana mtoto anapokishika chombo mwenyewe. Mwaka 1997 mpiga picha Lana Wong, akishirikiana na Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare, MYSA, aliwapa wavulana na wasichana wapatao 30 kamera za plastiki za bei rahisi, akawafundisha wao pamoja na kocha Francis Kimanthi, nao wakapiga picha za mitaa yao kwa miaka kadhaa. Kitabu chao, Shootback, kilichapishwa London mwaka 1999. Picha zao zilikuwa na harusi, mazoezi ya mpira, ndugu wakilala na marafiki wakifanya mzaha, na umaskini ulikuwamo pia, kwa kipimo ulichonacho katika maisha ya anayeishi nao. Wapiga picha wengi wa kigeni walikuwa wamepita Mathare kabla yao na kurudi na picha za takataka na nyuso zenye huzuni tu.

Mchoro kama ushahidi

Mwanzoni mwa mwaka 2005 mapigano kati ya wakulima wa Kikuyu na wafugaji wa Kimaasai kuhusu maji ya mto Ewaso Kedong yalisababisha vifo na kuwahamisha maelfu ya watu katika eneo la Mai Mahiu. Miaka mitatu baadaye, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo kwa hesabu ya tume ya Jaji Philip Waki ziliua watu 1,133 nchini, ziliifikia Naivasha mwishoni mwa Januari 2008, na mamia ya maelfu wakawa wakimbizi wa ndani, yaani watu waliolazimika kuhama makwao bila kuvuka mpaka wa nchi. Vikundi vya wakimbizi hao vilikusanya fedha kidogo walizopewa na serikali kuanzia upya, vikanunua ardhi kwa pamoja, na tambarare ya Mai Mahiu ikapata makazi mapya kama Vumilia Eldoret na Jikaze, ambayo kwa miaka kadhaa yalikuwa ya mahema. Wageni wa mashirika, waandishi wa habari na watu wa kujitolea waliofika huko walikuwa wengi, na watoto wakazoea kamera kuliko vitabu.

Katika mazingira ya aina hiyo mchoro wa mtoto hupewa kazi nyingine. Mwaka 2005 watafiti wa Human Rights Watch waliwapa watoto wa Darfur waliokimbilia Chad karatasi na krayoni ili watulie wazazi wao wakihojiwa, na watoto wakachora, bila kuelekezwa, ndege zikidondosha mabomu na watu wenye bunduki juu ya farasi. Mwaka 2007 shirika la Waging Peace lilikusanya mamia ya michoro ya namna hiyo, na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ikaipokea kama ushahidi wa kimuktadha, yaani ushahidi unaosaidia kueleza mazingira ya uhalifu. Hakuna anayeweza kudharau kazi hiyo. Lakini mtoto anayejifunza kwamba wageni huchukua michoro ya moto na kuiacha ya mpira hutambua upesi ni kipi kinachotakiwa, na wahudumu wa watoto walioathirika na vita huonya kwamba kumwomba mtoto achore tena na tena siku mbaya ya maisha yake, pasipo mtu wa kumsaidia baadaye, kwaweza kumuumiza.

Kenya nayo iliona, katika miaka hiyo, sanaa ikirudishwa mikononi mwa waliokumbwa na ghasia. Mwaka 2008 msanii Solo 7 aliandika wito wa amani kwenye kuta za mtaa wa Kibera, Nairobi, na kabla ya uchaguzi wa mwaka 2013 vijana wa Kibera walipamba kwa rangi mabehewa ya treni ipitayo mtaani mwao. Ujumbe huo ulielekezwa kwa majirani, watu ambao wangeweza kujibu siku iyo hiyo.

Picha ambazo dunia ilipata

Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa mrefu ulifunguka katika tambarare kati ya Mai Mahiu na Suswa, ukaikata barabara ya Narok, na kwa siku chache picha zake zilienea duniani zikiwa na habari kwamba bara la Afrika linapasuka vipande viwili. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba kilichoonekana kilitokana zaidi na maji ya mvua kuzoa majivu laini ya volkano chini ya ardhi, na kwamba kutengana kwa Bonde ni jambo la mamilioni ya miaka. Maelezo hayo hayakusafiri mbali kama picha zilivyosafiri. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyojaa nyuma ya tuta la reli ya zamani huko Old Kijabe, baada ya mtaro wa chini yake kuziba, yalibomoa tuta na kuteremka kwa kasi yakisomba nyumba, na makumi ya watu wakafa, wakiwamo watoto. Mara hii pia jina la Mai Mahiu likasomwa katika vituo vya habari vya dunia, na baada ya wiki chache likasahaulika.

Matukio haya mawili yanaonyesha kwa nini mchoro wa mtoto wa Mai Mahiu una kazi ambayo picha ya habari haiwezi kuifanya. Kamera ya habari huja na msiba na huondoka nao, hivyo anayeitegemea huujua mji huu kwa ufa na mafuriko tu, ilhali mtoto aliyechora punda wa baba yake, foleni ya malori, shule, kanisa na Longonot hutoa habari za siku ambazo hakuna kilichotokea, na siku za namna hiyo ndizo nyingi. Mwaka 2011 Anthony Asael na Stéphanie Rabemiafara, waliozunguka nchi 192 zilizokuwa wanachama wa Umoja wa Mataifa wakikusanya michoro na mashairi ya watoto, walitoa kitabu ambamo mambo ya kawaida kama chakula, mchezo na njia ya kwenda shule yamepewa nafasi kubwa, na jambo linalojitokeza ni kwamba watoto hutambuana kwa mambo hayo madogo kuliko kwa bendera na wanyama wa mbugani.

Masharti ya kubadilishana kwa haki

Mai Mahiu ina uzoefu wa miaka mingi wa uhusiano na nchi za ng'ambo. Shirika la CTC International, lililoanzishwa na Mmarekani, limefanya kazi mjini humo na watoto wenye ulemavu, na akina mama wa watoto hao, waliojulikana kama Malaika Mums, walishona mifuko iliyouzwa Marekani. Biashara hiyo inatoa fundisho linalofaa pia katika sanaa, kwani mfuko una bei na jina la aliyeushona linaweza kujulikana, ilhali mchoro wa mtoto huchukuliwa bure na mara nyingi bila jina wala ruhusa.

Kutokana na historia iliyosimuliwa, yapo mambo matatu yanayotenganisha kubadilishana na kukusanya. La kwanza ni mada, kwa kuwa mada inayotolewa na upande mmoja tu, kama vile maisha ya shida au wanyama wa Afrika, huamua majibu kabla ya penseli kushikwa, na mada inayofaa ni ile ambayo pande zote mbili zinaweza kuijibu kwa usawa, kwa mfano kazi za asubuhi, chakula cha jioni au njia ya kwenda shule. La pili ni umiliki, yaani mtoto na mzazi wake waelezwe mchoro unakwenda wapi na utatumiwa vipi, maelezo yaandikwe kwa maneno ya mtoto katika lugha yake kabla ya kutafsiriwa, na mchoro usigeuzwe tangazo la kuomba michango bila ridhaa yao. La tatu ni marejeo, kwamba michoro ya upande wa pili ifike, ibandikwe ukutani katika darasa la waliotuma, na watoto wapewe muda wa kuuliza maswali juu yake, kwa sababu mtoto wa Mai Mahiu ana haki ileile ya kushangaa jinsi watoto wa Ulaya au Marekani wanavyoishi kama wao walivyo na haki ya kumshangaa yeye.

Simu ya mkononi imelifanya sharti hili la tatu kuwa rahisi kuliko zamani za Cižek na Muller, maana mwalimu anaweza kupiga picha michoro ya darasa zima na kuituma kwa dakika chache bila gharama ya stempu, na majibu yakarudi kabla ya muhula kwisha. Wepesi huo una hasara yake, kwa kuwa mchoro wa kwenye kioo cha simu hautundikwi na hauguswi, na sura na majina ya watoto husambaa bila kizuizi, lakini hasara hizo zinaweza kuzuiwa na mwalimu mwangalifu. Kisichoweza kuletwa na teknolojia yoyote ni uamuzi wa watu wazima wa pande zote mbili kwamba mtoto wa Bonde ni mtazamaji kwa kiwango kilekile alivyo mtazamwaji. Kwa miaka 100 uamuzi huo umefanywa mara chache, katika majalada ya shule, katika mpango wa picha kwa picha wa Pennsylvania na katika kamera za plastiki za Mathare, na kila ulipofanywa kazi za watoto zilieleza mengi zaidi kuliko zile zilizokusanywa kwa huruma. Shule ya Mai Mahiu inayotaka kuanza haihitaji kusubiri mfadhili. Inahitaji karatasi, rangi chache, shule rafiki iliyo tayari kujibu, na mwalimu atakayekataa kutuma bahasha ya pili kabla jibu la ile ya kwanza halijafika mikononi mwa wanafunzi wake.